Programu Iliyoweka Salamu Pembeni

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi, kwenye steshenari ya Dada Sekela pale Iyunga, upande wa barabara kuu ambako malori hupunguza mwendo. Nilikuwa nimemaliza kufagia na kufuta kaunta. Nikafungua laptopu nishushe barua pepe za wateja, na ile programu yetu ya zamani, yenye alama ya bahasha ya bluu, ikanitolea tangazo katikati ya kioo: haitapokea barua tena, mwenye nayo atafute nyingine. Haikuomba radhi. Ilikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali. Nikakubali, maana hakukuwa na kingine.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mtakaokaa kwenye kile kiti baada yangu. Mimi nimestaafu. Najua nina miaka kumi na nane, na mama yangu akisikia neno hilo anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. Lakini nilianza kazi nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, nikaacha nilipokuja huku Iringa kuanza cha tano, na sitarudi. Mtu aliyeacha kazi na harudi, huyo amestaafu. Dada Sekela alitaka nije niwaambie kwa mdomo, siku moja ya likizo, nyote mkiwa mmekaa kwenye benchi. Nikamwomba iwe kwa maandishi. Akasema sawa, kwa sababu ananijua. Mimi mambo yangu nayaandika kwenye daftari usiku, siyasemi mchana.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Watu wa kule milimani juu ya Iyunga wengi wana vitochi, zile simu ndogo za tochi, na kitochi hakijui barua pepe. Lakini siku hizi chuo kinataka barua pepe, ofisi inataka, mnunuzi wa mazao anataka. Kwa hiyo wote wanatumia ya steshenari. Anwani moja, kijiji kizima. Mtu akiulizwa kama ana imeili anajibu, "Ninayo, iko Iyunga." Barua ikiingia, unaisoma kwa sauti, mwenyewe amesimama upande wa pili wa kaunta, na waliokuja kutoa fotokopi wamenyamaza ili wasikie vizuri. Nilidhani watu wataona aibu. Kumbe mwenye aibu nilikuwa peke yangu. Mchimbaji mmoja wa Makongolosi, aliyekuja Mbeya kutafuta vipuri vya pampu, alinikatiza katikati ya barua ya shemeji yake.

"Binti, rudia hapo aliposema nimejenga. Wale wa kwenye benchi hawajasikia."

Nikarudia. Wa kwenye benchi wakampongeza.

Siku yangu ya kwanza nilisoma kwa kunong'ona. Mteja akainama asikie, nami nikazidi kushusha sauti, naye akazidi kuinama, mpaka vichwa vyetu vikakaribia kugongana juu ya printa. Dada Sekela alikuwa nyuma anabandika majalada ya vitabu.

"Wee Nuru," akasema bila kugeuka, "soma kama unauza nyanya. Hapa hatuungami dhambi."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Hajawahi kunifokea, na hajawahi kunisifu pia. Ukikosea anakuja anasimama nyuma yako, anaangalia kioo, anapumua mara moja. Basi. Unajua.

Nitawapa mfano mmoja wa kupumua kwake. Kuna mzee nilimwandikia barua, nikabonyeza kutuma, nikafunga laptopu nikaenda kununua maandazi. Bando lilikuwa limeisha na sikuangalia. Mzee akaja kuuliza jibu, hakuna. Akaja tena, hakuna. Mara ya tatu akaanza kumsema mwanaye vibaya pale kaunta, kwamba tangu aende mjini amekuwa mtu wa ajabu, haheshimu wazazi. Dada Sekela akafungua lile boksi la barua zinazotoka, akaweka kidole juu ya kioo. Akapumua.

"Huyu bado yuko hapa," akasema. "Hata gari hajapanda."

Tangu hapo nilijua: ukishabonyeza kutuma, husimami mpaka boksi la zinazotoka liwe tupu. Ulizia njaa yako baadaye.

Mtaniuliza kwa nini tusifungue tu barua mtandaoni kama watu wengine. Kwa sababu ya bando, wadogo zangu. Ukifungua mtandaoni unalipia kila ukurasa, na mteja mmoja anaweza kukuomba umsomee barua ileile asubuhi, mchana, na jioni akija na mke wake. Programu iliyomo ndani ya kompyuta inashusha barua zote asubuhi kwa mara moja, kisha unazima mtandao. Mchana kutwa unasoma bure. Unaandika majibu, yanapanga foleni, jioni unawasha tena yanatoka yote pamoja. Hata umeme ukikatika, barua zimo, unasomea chaji ya laptopu. Ndiyo maana programu ile ilipokufa nilihisi kama mtu amening'olea mlango.

Nikampigia Dada Sekela. Wiki hiyo alikuwa Chunya, anaangalia chumba cha kufungua tawi la fotokopi. Kule mtandao wa simu unautafuta kwa miguu.

"Haloo! Subiri, subiri nipande hapa." Nikasikia kokoto zinateleza. "Nimepanda kwenye kifusi cha wachimbaji. Sema haraka, wananiangalia."

Nikamwambia.

"Sasa si utafute nyingine?"

"Ipi, dada?"

"Wewe ndiye unayekaa hapo. Chagua. Isile bando, isipoteze barua ya mtu. Na Nuru..."

"Abee."

"Mama Subilaga anasubiri barua yake. Hiyo usifanye nayo mchezo."

Simu ikakatika. Nadhani alishuka.

Mama Subilaga hakuhitaji kutajwa, maana alikuwa ameshaingia. Ni mama mrefu, anafunga kitenge juu ya sweta, anaongea taratibu kama anayehesabu mbegu. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa maparachichi kule juu. Msimu huo walikubaliana, kwa kushawishiwa na yeye, wasiwauzie madalali wanaojaza gunia mpaka linaota nundu, bali wasubiri gari la mnunuzi wa Iringa anayenunua kwa kreti. Kreti tupu zilikuwa zimeshaletwa, zimepangwa nyuma ya kanisa. Kilichobaki ni siku. Hiyo siku ingekuja kwa barua pepe, kutoka kwa bwana shamba wa mnunuzi, jina lake Bwana Kikoti.

Na siku kwenye parachichi ndiyo kila kitu. Likiwa mtini linavumilia. Likishachumwa limeanza safari, halirudi. Ukichuma mapema linalainika mikononi mwako, ukichelewa gari limekwenda, na gari lilikuwa la kuja mara moja tu. Nusu ya kikundi walishaanza kunung'unika. Walimwambia Mama Subilaga kwamba Ijumaa ikifika bila gari, wanamwita dalali, na yeye aachie uenyekiti.

"Nuru mwanangu, Kikoti kasemaje?"

"Bado, mama. Programu imekufa. Natafuta nyingine."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa posta imekufa. "Ina maana barua ziko wapi?"

Swali zuri, na nyie mtaulizwa. Barua ziko kwenye kompyuta kubwa ya mbali, seva. Programu ni kama mtu unayemtuma akakuchukulie. Akifa aliyetumwa, mzigo bado uko stendi. Nilimweleza hivyo kwa sauti ndogo, yeye akaitikia kwa kichwa.

"Basi tuma mtu mwingine," akasema. Akatoa kitochi chake mfukoni. "Naacha simu hapa ichajiwe, kule transfoma imeungua tangu juzi. Barua ikiingia, unipigie."

Nikaitikia. Akaenda. Mimi nikachomeka simu yake kwenye chaja pamoja na nyingine zilizokuwa zimejipanga pale, na sikuona tatizo lolote kwenye mpango huo.

Nikaanza kutafuta. Programu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko kazi yenyewe. Ilikuwa na rangi, picha ya milima nyuma ya barua, na kila anayeandika alipewa kiduara chenye herufi ya jina lake. Nilipozima mtandao ikageuka nyeupe ikaniambia nirudi nikiwa na intaneti. Kumbe haikushusha kitu, ilikuwa inaonyesha tu kwa mbali kama televisheni. Nikaangalia bando, nusu imekwisha kwa ajili ya ile milima. Nikaitoa.

Ya pili ilijisifu kwamba ina akili. Iliahidi kunisomea barua kabla yangu, kutenga za maana na zisizo za maana, ili nisipoteze muda. Mimi nikaipenda, siwafichi. Ilishusha barua zote vizuri. Nikazima mtandao, zipo. Boksi la zinazotoka lipo, linaonekana. Nikapanga mafaili ya wateja, kila mtu na jina lake. Mbele kabisa ikaweka barua za chuo, za benki, tangazo la ofisi moja kwa herufi kubwa. Nikatafuta Kikoti kwa macho kuanzia juu mpaka chini. Hayupo. Nikasema hajaandika. Nikala ndizi zangu za kuchemsha na chai, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, hali ambayo kwenye kazi hii muiogope.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze barua za Bwana Kikoti zilivyo. Ni Mhehe wa watu, hana haraka. Kichwa cha barua kila mara ni "Salamu". Anaanza na Kamwene, salamu ya kwao. Anauliza mvua. Anaeleza baridi ya kwake. Anauliza wazee, watoto, kwaya. Kisha anakuja kwa ng'ombe wake, ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa na mimba, na kikundi kizima kilikuwa kinafuatilia mimba hiyo. Baada ya ng'ombe ndipo linakuja jambo lenyewe, mistari miwili, na baraka. Hata pasipo na jambo lolote, aliandika. Wiki haikupita.

Saa kumi alasiri akaingia Zaka. Zaka ni dalali, ndiye yule wa magunia yenye nundu. Alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho. Hana ubaya wa kupiga mtu, ubaya wake ni wa mdomo.

"Mambo, karani wa maparachichi?"

"Poa."

"Gari la Iringa limefika wapi? Au bado linasali?"

Nikaweka kitambulisho kwenye mashine.

"Mwambie yule mama yenu mimi Ijumaa niko hapo na Fuso yangu. Sina kinyongo. Nitashusha bei kidogo tu kwa ajili ya usumbufu." Akacheka, akageukia benchi ambako walikaa wamama wawili. "Huyo Kikoti mwenyewe kawasusa. Mhehe akikosa hata kukusalimia, ujue mambo yameisha."

Wamama wakacheka. Mimi mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kijani, na nikaubakiza hapohapo.

Hata kukusalimia. Kikoti hajakosa kusalimia tangu niingie kazini. Kama gari limeahirishwa, angesalimia aseme limeahirishwa. Kama kasusa, angesalimia aseme kasusa. Sasa salamu ya wiki hii iko wapi?

Nikarudi kwenye laptopu nikaacha kitambulisho cha Zaka ndani ya mashine. Kule pembeni, kwa herufi hafifu, kulikuwa na sanduku dogo ambalo sikulifungua, liliandikwa kwa Kiingereza maneno ya maana kama "mengineyo". Nikafungua. Tangazo la viatu. Tangazo la mkopo. Na katikati yao barua tatu za Bwana Kikoti, ya Jumatatu, ya Jumanne na ya leo. Kumbe ile ya bahasha ya bluu ilikuwa imeacha kushusha barua tangu Jumatatu, kabla hata ya kutoa tangazo. Ile akili ilikuwa imesoma mistari yake miwili ya mwanzo, Kamwene, habari za mvua, ikaona huyu ni mpiga soga, ikamweka na viatu.

Nikafungua ya Jumatatu nikashuka mbio mpaka baada ya ng'ombe. Gari lingefika njia panda Alhamisi, saa tatu asubuhi. Wachume alfajiri ya siku hiyohiyo, kwa mkasi, kikonyo kibaki. Saa nne linaondoka.

Alhamisi ni kesho.

Ya Jumanne ilikuwa inakumbusha. Ya leo alikuwa anauliza kama wana msiba, maana wamekaa kimya na siyo kawaida yao.

"Vipi, umepauka," Zaka akasema. "Fotokopi yangu je?"

Nikachukua simu nimpigie Mama Subilaga. Ikaita. Iliitia pale pale mbele yangu, kwenye chaja, kwa wimbo wa kwaya.

Zaka akaitazama ile simu, kisha mimi. Nikakata. Nikaichukua ya Mama Subilaga mwenyewe, nikatafuta jina "Katibu", nikapiga. Simu ya tatu kutoka ukutani ikaanza kutetemeka mpaka ikadondoka chini ya kaunta. Nikajaribu "Mweka Hazina". Hiyo ilikuwa kando ya printa.

Transfoma imeungua. Uongozi wote wa kikundi ulikuwa kwenye soketi zangu.

"Duh," Zaka akasema, na safari hii hakucheka. "Kukatika umeme huko juu kunawasaidia watu wengine." Naamini alijizungumzia yeye.

Nikampa kitambulisho chake na fotokopi yake. Nikaprinti barua ya Jumatatu, nikachomoa simu zote nikazitia kwenye begi langu la shule, nikafunga mlango kabla ya muda, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikapanda bodaboda. Dereva alitaka kuongea njiani. Nilimjibu "eee" kwa kila kitu. Kichwani nilikuwa napanga: nitamwita Mama Subilaga pembeni, nitampa karatasi, nitashuka.

Nikamkuta kanisani. Jumatano ni mazoezi ya kwaya, na kikundi cha maparachichi na kwaya ni watu walewale. Walikuwa wamesimama kwa safu, sauti ya nne nyuma. Nikasimama mlangoni. Mwalimu wa kwaya akashusha mkono, wimbo ukakatika, wote wakageuka.

"Nuru, vipi? Imeingia?" Mama Subilaga akaita toka kule mbele.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikanyoosha karatasi.

"Mimi miwani nimeacha nyumbani. Njoo usome."

"Mama, naomba nikuambie tu..."

"Njoo usome, wote wamo humu."

Wadogo zangu, pale kaunta kuna kaunta. Mnaelewa? Ina mbao. Unaficha miguu. Kule kanisani hakukuwa na kitu mbele yangu. Nikasimama, karatasi nimeiinua mpaka kidevuni, nikaamua niruke mpaka kwenye gari.

"Gari litafika..."

"Ngoja ngoja," akasema baba mmoja wa sauti ya nne, ambaye baadaye nilijua ndiye katibu. "Ndivyo ilivyoanza?"

"Hapana, ila..."

"Usiruke, mwanangu," Mama Subilaga akasema. "Mtu kasalimia. Anza juu."

Nikaanza juu. "Kamwene."

"Kamweneee!" wakaitikia wote, kwa sauti nne.

Nikasoma mvua. Wakajibu mvua nzuri. Nikasoma baridi ya kwake, wakampa pole. Aliuliza kwaya, wakatazamana wakacheka, mtu akasema mwambie sauti ya pili bado ina matatizo. Kila salamu ilijibiwa na nililazimika kusubiri, na katika kule kusubiri nikagundua sauti yangu imeshapanda yenyewe, ni ile ya kuuza nyanya. Nikafika kwa ng'ombe.

"Na yule ng'ombe wangu, namshukuru Mungu, amezaa juzi ndama dume, hajambo."

Kanisa likalipuka kwa makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akauliza rangi gani, nikasema hakuandika, wakasikitika. Ndipo nikasoma gari. Alhamisi, saa tatu asubuhi, njia panda. Mkasi. Kikonyo kibaki.

Mwalimu wa kwaya akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Alhamisi ipi?" mmoja akauliza.

"Kesho," nikasema. "Ilichelewa kwangu. Programu mpya iliiweka na matangazo ya viatu."

Nilingoja wanifokee. Mama Subilaga alikuwa ameshafunga kitabu cha nyimbo.

"Mikasi iko mingapi?" akauliza. Ndivyo alivyouliza tu. Watu wakaanza kutaja, mimi mmoja, mimi nitaazima kwa jirani, ngazi iko kwa mchungaji, watoto wabebe kreti. Katibu akasema yeye ataamsha watu alfajiri, maana simu yake ina alamu kali. Nikaanza kugawa simu kutoka kwenye begi kama mtu anayegawa mitihani. Nilishuka na bodaboda ileile. Dereva alikuwa amesikiliza dirishani. Akaniuliza, "Sasa huyo ndama ni wa rangi gani?"

Kuhusu kuchagua programu, nifupishe ninayoyajua, maana ndilo mnalolisubiri. Msichague kwa sura. Mkishaiweka, zimeni mtandao kwanza muone kama barua bado zimo. Angalieni kama inaacha nakala kule kwenye seva, maana ikizichukua zote kwake, siku laptopu ikiibiwa kijiji kizima kimeibiwa. Boksi la zinazotoka lionekane bila kutafutwa. Na mkiona programu inajisifu kujua barua gani ina maana, muiulize imetoka wapi. Kwao huko labda mtu huanza na jambo. Huku kwetu mistari ya kwanza miwili ya kila barua inafanana, ya chuo na ya shemeji na ya mnunuzi, na ukipima barua kwa mlango wake utazitupa zote. Baadaye niligundua kuna kitufe cha kuizima ile akili. Lakini mfanyakazi aliyekuficha barua siku yake ya kwanza, humpi siku ya pili.

Alfajiri saa kumi na moja nikaamshwa na alamu kali sana. Ilitoka ndani ya begi langu la shule. Simu ya katibu ilikuwa imejificha kwenye mfuko wa daftari, na yeye usiku ule wa furaha hakuidai.

Nilivaa nikiwa sijanawa. Nilipofika njia panda kulikuwa kumekucha, ukungu bado umekaa juu ya barabara, na kreti zilikuwa zinashuka mlimani vichwani mwa watu, moja nyuma ya nyingine. Katibu alikuwapo, mkasi mkononi, usingizi usoni. Mke wake alimwamsha kwa maji. Nikampa simu yake, akaipokea, ikaanza kulia tena mkononi mwake. Saa tatu gari likafika. Halikujaa, waliochelewa kusikia walichelewa, na kreti mbili zilirudishwa kwa kukosa vikonyo. Lakini liliondoka na mzigo, na Mama Subilaga aliliangalia mpaka likapotea, kisha akachukua parachichi moja katika yale yaliyokataliwa akanipa.

"Lisubiri siku tano," akasema. "Usilibonyeze bonyeze."

Fuso ya Zaka ilikuwa imeegeshwa ng'ambo. Alinipungia mkono. Nikampungia.

Nikaenda kufungua steshenari. Nikaitoa ile programu yenye akili, nikaweka ya tatu, ya rangi ya kijivu, iliyokaa kama fomu ya kuombea namba ya mlipakodi. Haina milima. Inapanga barua kwa jinsi zilivyoingia, ya kwanza chini, ya mwisho juu, haijui nani wa maana. Mpaka leo ndiyo iliyomo, msiiguse.

Kisha nikamwandikia Bwana Kikoti. Niliandika: "Tafadhali kuanzia sasa weka siku ya gari mstari wa kwanza kabisa." Ilikuwa barua fupi na iliyonyooka. Nikaiangalia. Niliona ingeweza kuingia kwenye ile programu ya jana na kuwekwa mbele kabisa.

Nikaifuta. Nikaanza upya. Kamwene, Bwana Kikoti. Nikamweleza ukungu wa asubuhi ile. Nikamwambia hakuna msiba, watu wote hawajambo, kwaya inaendelea, ila sauti ya pili bado ina matatizo. Nikauliza ndama ni wa rangi gani, maana wanataka kujua. Habari ya gari niliiweka mwishoni, baada ya ndama. Nikabonyeza kutuma, nikakaa, sikunyanyuka mpaka boksi likawa tupu.